Ada ni mwanzo tu: gharama za michezo ya watoto zinatoka wapi, na zinashushwaje

Kwa misimu mitatu nilishika daftari la mweka hazina wa timu ya watoto wa chini ya miaka 12. Upande wa kulia wa kila ukurasa nilikuwa na safu niliyoiita "sababu ya kuacha". Mtoto akikoma kuja mazoezini namuuliza mzazi kwa upole, kisha naandika. Ukilisoma daftari lile leo utadhani watoto wetu walikuwa wakiuchoka mpira kwa zamu. "Hapendi tena." "Masomo yamezidi." "Mguu unamuuma." Katika misimu yote mitatu ni mara moja tu pesa ilitajwa, na hiyo iliandikwa na mwenzangu aliyekuwa akifahamiana na mama wa mtoto.

Halafu kuna jezi namba 14. Ililetwa mlangoni kwangu Jumapili jioni, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, na aliyeileta ni mtoto mwenyewe. Akasema ameamua kupumzika. Miguuni alikuwa na njumu zilezile alizoanza nazo msimu uliotangulia, na kisigino kilikuwa kimelala juu ya sehemu ya nyuma ya kiatu kwa sababu hakiingii tena. Nikaandika: "Mguu unamuuma." Ulikuwa unamuuma kweli.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu mjadala wa gharama za michezo ya watoto huanzia kwenye ada na kuishia hapohapo. Klabu ikipunguza ada inajiona imemaliza kazi. Serikali ikitoa vocha ya ada nayo inajiona imemaliza. Watoto wanaendelea kurudisha jezi, na kila mtu anashangaa.

Ada inavyozaliwa

Hata hivyo ada yenyewe inastahili kueleweka, maana wengi hudhani viongozi wa klabu hukaa tu na kuipanga. Gharama za timu ya watoto ni za aina mbili. Kuna zisizojali idadi ya watoto: kodi ya uwanja, posho ya kocha, malipo ya waamuzi, usajili wa timu kwenye ligi. Waje watoto 12 au waje 20, uwanja unakodishwa kwa bei ileile. Kisha kuna zinazoongezeka kwa kila kichwa, kama bima, kadi ya mchezaji na jezi. Katika michezo mingi ya timu, fungu kubwa humezwa na aina ya kwanza.

Tuseme gharama hizo zisizobadilika ni 600 kwa msimu, za sarafu yoyote unayoijua. Watoto 20 wakigawana, kila mmoja anatoa 30. Wazazi watano wakishindwa, wanabaki watoto 15 na ada inafika 40. Hiyo 40 inawatoa wengine watatu, na 12 waliobaki wanalipa 50 kila mmoja. Hakuna aliyepandisha bei, wala hakuna aliyekula hela. Timu imejipandishia ada kwa kupoteza watoto, na kila anayeondoka anawaachia wenzake mzigo wake.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Timu ina watoto 15 na nafasi tano ziko wazi. Mtoto wa 16 akiingia, klabu inatoa nini mfukoni? Bima yake, kadi yake, jezi yake. Uwanja umeshalipiwa na kocha yupo amesimama pale na filimbi. Mtoto huyo akilipa hata robo ya ada, na robo hiyo ikazidi kadi na bima yake, klabu imepata pesa ambayo isingeipata kabisa. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo tulimkatalia mtoto mmoja punguzo "kwa sababu klabu haina uwezo", wakati benchi letu halikuwa na wachezaji wa akiba wa kutosha. Nasema "tulimkatalia" kwa sababu na mimi nilinyoosha mkono. Tulichanganya wastani wa gharama na gharama ya mtoto mmoja zaidi, na tulikuwa na mhasibu mezani.

Hesabu hiyo ina mwisho, bila shaka. Timu ikijaa, mtoto anayefuata anaweza kudai kocha wa pili na saa nyingine ya uwanja. Ila timu nyingi za watoto hazijajaa.

Kuna njia nyingine ya kuibana 600 yenyewe, nayo ni kuugawa uwanja. Uwanja kamili wa soka wa mita 105 kwa 68 ukiwachezesha watoto wa miaka saba 11 kwa 11, unahudumia watoto 22, na wengi wao hawaugusi mpira. Ukiugawa mara nne na kuwachezesha watano kwa watano, unahudumia 40 kwa saa ileile na kodi ileile. Chama cha soka cha Uingereza kwa miaka mingi kilifuata mpango wa namna hii: wadogo walianza watano kwa watano, walipanda hadi saba, kisha tisa, na 11 ilikuja walipofika kundi la chini ya miaka 13. Sababu iliyotangulizwa ni ya kiufundi, kwamba mtoto ajifunze kwa kugusa mpira. Mweka hazina hunufaika bila kutajwa.

Yasiyo na risiti

Ada ikishalipwa ndipo msimu unapoanza kula. Viatu kwanza, na mguu wa mtoto hauulizi msimu umefika wapi. Vilinda ugoko. Nauli mara mbili au tatu kwa wiki, na mtoto akiwa mdogo ni nauli ya watu wawili. Mechi za ugenini. Picha ya timu. Zawadi ya kocha, ambayo ni "hiari" lakini majina ya waliotoa husomwa kwenye kundi la simu la wazazi. Na mwisho wa msimu, mashindano ya mbali yenye malazi na fulana maalumu ya safari.

Nchini Marekani, taasisi ya utafiti ya Aspen Institute imekuwa ikiwauliza wazazi kiasi wanachotumia. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 1,016 kwa mtoto mmoja katika mchezo wake mkuu, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Bei za vitu vyote zilipanda katika kipindi hicho, lakini si kwa kasi hiyo.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote: muda wa mzazi. Mazoezi yakipangwa saa kumi alasiri upande wa pili wa mji, mzazi anayelipwa kwa zamu ana mawili ya kuchagua, kupoteza sehemu ya ujira au kumwacha mtoto nyumbani. Mtoto huyu hata umfutie ada yote hatakuja, kwa sababu hana wa kumleta. Ndiyo maana mazoezi yanayofanyika palepale shuleni, mara tu vipindi vinapoisha, mara nyingi humsaidia mtoto wa familia ya kipato cha chini kuliko punguzo lolote. Na pale ambapo hayawezi kufanyika shuleni, mtu mzima mmoja anayeaminika akiwakusanya watoto sita wa mtaa mmoja na kwenda nao, ameokoa nauli tano za wazazi na jioni tano za kazi. Ni jambo dogo mno kwa namna linavyosikika, na sijaona klabu nyingi zikilipangia hata dakika kumi za kikao.

Nani aliamua mtoto wa miaka tisa asafiri?

Sehemu ya kupanda huku kwa gharama si ajali. Mtoto akichaguliwa mapema kuingia "timu ya kwanza", anahitaji wapinzani wa kiwango chake, na hao wako mbali. Umbali ni nauli na malazi. Kocha wa timu ya kwanza analipwa zaidi. Msimu unarefushwa hadi mwaka mzima, na mtoto anaambiwa aache michezo mingine. Kila hatua ina mantiki yake, na jumla yake ni bili ambayo mzazi wa kipato cha kawaida haiwezi.

Uchujaji huo wa mapema una kasoro nyingine inayojulikana tangu zamani. Mwaka 1985 watafiti nchini Canada walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ligi za juu. Maelezo yake ni mepesi: mtoto wa Januari na wa Desemba huwekwa kundi moja la umri, na wakiwa na miaka tisa tofauti ya miezi 11 inaonekana kifuani na miguuni. Kocha anadhani ameona kipaji, kumbe ameona tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo wazazi wanalipia mfumo ghali unaochuja kwa kigezo kibovu.

Norway walichagua njia tofauti. Haki za watoto katika michezo, zilizopitishwa na shirikisho lao la michezo mwaka 2007, zinataka mashindano ya watoto wadogo yabaki karibu na nyumbani. Msimamo wa ligi na orodha za ushindi hazitumiki hadi mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na hakuna ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Pasipo ubingwa wa taifa wa watoto wa miaka tisa, hakuna hoteli ya kulipia. Anayehofia kwamba nchi ya namna hiyo itakosa mabingwa ana la kutazama: kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022, Norway, yenye watu takriban milioni tano na nusu, ilitwaa dhahabu 16 na kuongoza dunia. Ni nchi tajiri, sikatai, na sehemu kubwa ya faida ya kampuni ya bahati nasibu ya taifa inaingia kwenye michezo. Lakini kanuni ya kutowasafirisha watoto wadogo haihitaji utajiri. Kinyume chake, inaokoa pesa.

Msaada unaokuja baada ya mfuko kutoboka

Serikali kadhaa zimejaribu kusaidia kwa pesa, na tofauti kati ya mpango na mpango ndiyo sehemu inayonivutia zaidi katika jambo hili zima.

Canada ilianza mwaka 2007 na punguzo la kodi. Mzazi alilipa ada, akahifadhi risiti, na wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi akaonyesha hadi dola 500 kwa kila mtoto. Serikali ya shirikisho ilimkatia asilimia 15 ya kiasi hicho, yaani dola 75 zikizidi sana. Tazama masharti yaliyojificha humo. Lazima uwe na ada yote mkononi leo. Lazima usubiri miezi. Na lazima uwe unadaiwa kodi ya mapato, kwa sababu mwanzoni aliyekuwa na kipato kidogo kiasi cha kutodaiwa hakupata kitu. Mpango uliowekwa ili watoto wacheze ulizisaidia zaidi familia ambazo watoto wao walikuwa wanacheza tayari. Mwaka 2015 serikali ilirekebisha sharti hilo la mwisho, na kufikia 2017 mpango ukafutwa.

Ujerumani, tangu 2011, inawapa watoto wa familia zenye kipato cha chini fungu la kila mwezi kwa klabu, muziki na mengineyo: euro 10 mwanzoni, 15 tangu 2019. Fungu lipo, lakini mzazi lazima aliombe, ajaze, apeleke uthibitisho. Sehemu kubwa ya watoto wenye haki hawajawahi kulipata.

Jiji la Reykjavík lina mpango wa tangu 2007 ambapo kila mtoto wa miaka 6 hadi 18 ana kiasi chake cha mwaka, na jiji hukilipa moja kwa moja kwa klabu au shule ya muziki. Mzazi haguswi mfukoni kwanza, na hatakiwi kuthibitisha umaskini, kwa kuwa ni cha watoto wote. Ufaransa ilipoanzisha vocha yake ya euro 50 mwaka 2021 ilikwenda katikati ya njia hizi: ilikuwa ya familia zenye kipato cha chini, ila familia zilizokuwa tayari kwenye orodha ya posho ya kufungua shule zilitumiwa barua nyumbani, na klabu ikakata kiasi hicho siku ileile ya kujiandikisha.

Ukiipanga mipango hii kando kwa kando, ukubwa wa kiasi si jambo la kwanza linalojitokeza. Linalojitokeza ni nani anatangulia kutoa pesa, na nani anatakiwa kusema "sina". Mzazi asiye na akiba hawezi kutumia msaada unaorudishwa baadaye. Na mzazi mwenye haya, yaani wengi wetu, haendi dirishani kuomba mbele ya watu anaokutana nao kila Jumamosi uwanjani.

Vocha ina hatari yake pia. Klabu ikijua kila mtoto anakuja na kiasi fulani kutoka serikalini, kishawishi cha kupandisha ada kwa kiasi hichohicho kipo. Ndiyo maana ruzuku inayokwenda kwenye uwanja, kocha na bima, yaani kwenye ile 600, mara nyingi hukaa vizuri kuliko inayokwenda kwa kichwa.

Fomu moja kwa wote

Hapa klabu ndogo zinaweza kufanya mengi bila kusubiri bajeti ya mtu. Sisi tulikuwa na mstari chini ya fomu: "Anayehitaji msaada wa ada awasiliane na uongozi." Kwa misimu miwili aliwasiliana mtu mmoja. Msimu wa tatu tuliufuta, tukaweka viwango vitatu vya ada kwa kila mzazi: cha juu kidogo, kinachomlipia mtoto wako na sehemu ya mwingine, cha kawaida, na cha chini. Chagua kimoja, lipa kwa mkupuo au kwa awamu nne. Hakuna maelezo yanayotakiwa. Aliyechagua cha chini alijulikana na mweka hazina peke yake, na mweka hazina alikuwa na amri ya kufunga mdomo. Kocha hakujua, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema fulani anakaa benchi kwa sababu halipi vizuri.

Awamu zilisaidia kuliko nilivyodhani. Siku ya usajili ilikuwa imepangwa wiki ileile watoto wanayofungua shule, wakati ambapo kila senti ya nyumbani ina mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tarehe iko pale. Ilikuwa pale kwa sababu ilikuwa pale.

Vifaa vina hadithi yake. Jezi ibaki mali ya klabu: inatolewa mwanzoni, inarudishwa mwishoni, haiandikwi jina la mtoto mgongoni. Klabu inayobadilisha muundo wa jezi kila msimu inawatoza wazazi kodi bila kuiita kodi. Viatu vya watoto huachwa kwa sababu vimebana, si kwa sababu vimechakaa, kwa hiyo sanduku la kubadilishana viatu linafanya kazi, kwa sharti moja: sanduku liwe la wote. Ukiliita "la wenye shida", hakuna atakayelifungua. Siku yetu ya kwanza mwenyekiti alimleta mwanawe, akaacha jozi na kuchukua jozi mbele ya kila mtu, na baada ya hapo halikuwa jambo tena. Sanduku likipokea na vifaa vya michezo mingine, kofia ngumu ya baiskeli ndiyo pekee nisiyoipokea kutoka kwa mtu nisiyemjua. Povu lake la ndani hujiminya likipata kishindo kimoja, na huwezi kuona kwa nje kwamba limekwisha kazi.

Kazi badala ya pesa, na watu wasione haya

Kuchangisha nako kuna mtego. Klabu ikimpa kila mtoto tiketi 20 za bahati nasibu akauze, mtoto ambaye shangazi na wajomba zake wana kipato anamaliza kwa simu tatu. Mwenzake anazungushia tiketi watu wasio na kitu, na zisizouzwa mama yake anazinunua mwenyewe. Lilikuwa lengo kumpunguzia mzigo, sasa ameongezewa.

Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1987, ilipata wazo bora zaidi: timu zinazoshiriki usafi wa mtaa hupata pointi kwenye msimamo wa ligi. Mchango wa kazi ukawa sehemu ya mashindano, na kila timu inatoa. Neno la kushikilia hapo ni "kila". Klabu inayowapa ufagio watoto wanaolipiwa tu, huku wenzao wakipasha misuli, imebuni njia mpya ya kumwaibisha mtoto.

Vivyo hivyo kwa wazazi wanaojitolea. Kufua jezi, kushika saa, kuchora mistari ya uwanja, yote yanashusha gharama, lakini mzazi mwenye kazi mbili hana Jumamosi ya kutoa na hapaswi kutozwa faini kwa hilo. Na mahali pamoja bei ya chini haikubaliki ni usalama wa watoto: anayejitolea anachunguzwa kama anayelipwa, na mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana.

Lango la shule

Kila mji una viwanja ambavyo Jumamosi vimefungwa kwa kufuli. Ni vya shule. Umma ulishavilipia, nyasi zipo, magoli yapo, na nje ya ukuta timu ya watoto inakodi uwanja wa mtu binafsi. Mara nyingi mwalimu mkuu hana roho mbaya. Anajiuliza mtoto akiumia nani atadaiwa, nani ana ufunguo, nani atasafisha vyoo Jumatatu. Mkataba wa kurasa mbili unayajibu yote matatu: bima ya klabu inahusu eneo la shule kwa saa zilizotajwa, ufunguo uko kwa mtu mmoja mwenye jina na sahihi, na klabu inalipia msafishaji. Malipo ya msafishaji mara nyingi ni sehemu ndogo ya kodi ya uwanja. Pale tulipofanikiwa, barua yetu ya kwanza iliomba "ushirikiano" na haikujibiwa. Ya pili ilianza na vyoo, na tukaitwa wiki iliyofuata.

Swali nililoulizwa zaidi kuhusu viwango vitatu ni hili: je, wenye uwezo hawatachagua cha chini? Wapo waliochagua. Najua angalau wawili, kwa sababu niliona magari yao. Niliwapigia hesabu usiku mmoja: walichoipunguzia klabu kwa msimu mzima kilikuwa kidogo kuliko gharama ya kudurufu na kukagua fomu za uthibitisho kwa kila familia, achilia mbali jioni za watu wa kuzikagua. Katika ukurasa huohuo wa daftari, safu ya viwango ilikuwa na alama ya cha chini mbele ya namba 14. Alikuwa amerudi, na njumu za mtoto wa mwenyekiti zilimtosha hadi mwezi wa mwisho wa msimu.